Hodi Isiyoitikiwa

Kijana wa Kijerumani amejibanza ndani ya shimo lililochimbuliwa na mzinga, katikati ya uwanja wa vita vya kwanza vya dunia. Askari wa Kifaransa anarukia humo humo kujiokoa, na kijana anamchoma kabla hawajatazamana vizuri usoni. Risasi zinapita juu yao, hakuna wa kutoka. Kijana hana budi kukaa na mtu anayekata roho taratibu, pumzi moja baada ya nyingine, usiku kucha. Anamlowesha midomo kwa maji. Anamsihi asife. Mfaransa anapokwisha kufa, kijana anamwomba msamaha, anamwambia atamwandikia mkewe, anamtaka atamke japo neno moja. Maiti inamtazama, mdomo umefunguka kidogo kana kwamba unataka kutabasamu, na haitamki kitu.

Tukio hilo limo katika All Quiet on the Western Front, filamu ya mwaka 1930 iliyoongozwa na Lewis Milestone kwa ajili ya studio ya Universal, kutokana na riwaya ya Erich Maria Remarque. Kijana ni Lew Ayres. Mfaransa ni Raymond Griffith, na hapa ndipo moyo wangu husimama kila ninapoiona. Griffith alikuwa mchekeshaji mashuhuri wa zama za filamu bubu, bwana mtanashati wa kofia ndefu ya hariri. Sauti yake iliharibika tangu utotoni, asiweze kusema ila kwa mnong'ono wa kukwaruza. Katika filamu bubu kasoro hiyo haikumdhuru. Maikrofoni zilipoingia studio, maisha yake ya uigizaji yakafika ukingoni, na askari huyu wa shimoni ndiye mtu wa mwisho aliyemwigiza. Moja ya maombi mazito kabisa ambayo sinema ilitamka katika miaka yake ya kwanza ya kusema lilielekezwa kwa mtu ambaye hata kama angekuwa hai ndani ya hadithi, asingekuwa na sauti ya kujibu.

Tumezoea kusimuliwa kwamba kuja kwa sauti ni hadithi ya kusema: nani aliweza, nani alishindwa, nani alipoteza mashabiki siku alipofungua kinywa. Mimi naona tamthilia kubwa za miaka hiyo, kati ya 1929 na 1934, zilihangaishwa zaidi na kuitikiwa. Mtu akipata sauti, je, kuna upande wa pili unaosikiliza? Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu. Akikosa wa kumkaribisha, hugeuka akaenda zake, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Watu wa filamu hizi wanapiga hodi mahali ambapo hawawezi kugeuka.

Ugumu wenyewe ulianza na mitambo. Warner Bros. walipoonyesha The Jazz Singer mjini New York tarehe 6 Oktoba 1927, sehemu kubwa ya filamu ile ilikuwa bado bubu, lakini nyimbo na maneno machache ya Al Jolson yalitosha kuyumbisha biashara nzima. Studio zikakimbilia sauti kabla hazijajua namna ya kuinasa. Kamera za wakati huo zilivuma, kwa hiyo zilifungiwa ndani ya vibanda visivyopitisha sauti pamoja na wapiga picha wake, waliotoka humo wamelowa jasho. Kamera iliyokuwa imejifunza kupanda, kuzunguka na kukimbia ikawa mfungwa. Waigizaji nao wakawa wafungwa wa maikrofoni, kwani mtu aliyesogea hatua mbili mbali nayo sauti yake ilipotea. Ndiyo maana tamthilia nyingi za 1928 na 1929 zinachosha leo: watu wamesimama wamekusanyika, wanazungumza kwa zamu, na hakuna anayemsikiliza mwenzake kwa sababu kila mmoja anaisikiliza mashine.

Waliokomboa hali hiyo hawakusubiri mafundi wawape ruhusa. Rouben Mamoulian, aliyetoka kwenye jukwaa la tamthilia, alipotengeneza Applause mwaka 1929 katika studio za Paramount huko Astoria, New York, alitaka mama na binti wasikike kwa pamoja ndani ya chumba kimoja: mama, mwimbaji wa kumbi duni aliyeigizwa na Helen Morgan, akimwimbia bintiye bembelezi, binti akinong'ona sala yake. Mafundi wakasema haiwezekani, maikrofoni moja haichukui sauti mbili za namna hiyo. Akadai ziwekwe maikrofoni mbili, kila sauti na njia yake, kisha zichanganywe. Ikawezekana. Na tazama alichokitafuta kwa ubishi wote ule: watu wawili wanaopendana, kila mmoja akisema na msikilizaji wake, sauti zao zikipishana hewani. Mbinu ile haiachani na maana yake hata kidogo.

Milestone naye alipiga sehemu kubwa ya mapigano yake kwa kamera huru, zisizonasa sauti, kisha akaijaza milio ya mizinga na bunduki baadaye. Kamera yake inapita juu ya mahandaki kwa kasi ya kutisha wakati watu wanaanguka mmoja mmoja kama mabua. Halafu, mwishoni, anazima karibu kila kitu. Askari mmoja anapuliza kinanda cha mdomo. Mkono wa kijana unanyooshwa nje ya handaki kumfikia kipepeo. Mlio mmoja wa risasi. Mkono ule tunaouona ukilegea si wa Lew Ayres. Ni wa Milestone mwenyewe, kwani picha ile ilipigwa baada ya kazi na waigizaji kwisha.

Filamu hii ilijibiwa, lakini kwa namna yake. Hollywood iliipa tuzo ya filamu bora na ya mwongozaji bora mwezi Novemba 1930. Mwezi uliofuata, ilipoonyeshwa Berlin, wafuasi wa chama cha Nazi wakiongozwa na Joseph Goebbels walivuruga ukumbi kwa makelele, mabomu ya kunuka na panya weupe waliofunguliwa kati ya viti. Haikupita wiki, serikali ya Ujerumani ikaipiga marufuku. Askari waliokuwa wamekufa kweli katika vita ile walikuwa wameombewa neno, na neno lenyewe likazimwa kwa hoja kwamba linaaibisha jeshi.

Filamu ambayo kwangu inabeba jambo hili kwa uzito kuliko zote ni I Am a Fugitive from a Chain Gang, ya Warner Bros., iliyoongozwa na Mervyn LeRoy na kutoka Novemba 1932. Ilitokana na maisha ya mtu halisi, Robert Elliott Burns, askari aliyerudi kutoka vita vya kwanza vya dunia, akakosa kazi, na mwaka 1922 akajikuta katika wizi wa duka la vyakula mjini Atlanta uliozaa dola 5 na senti 80. Jimbo la Georgia likamhukumu kifungo cha miaka sita hadi kumi, katika genge la wafungwa waliofungwa minyororo na kutengenezeshwa barabara. Akatoroka, akafika Chicago, akawa mhariri wa jarida na mtu wa kuheshimiwa. Akasalitiwa na mkewe. Akarudi Georgia kwa hiari yake kwa ahadi kwamba angetumikia muda mfupi tu na kuachiliwa. Ahadi ikavunjwa. Akatoroka tena, 1930, na kuandika kitabu akiwa mafichoni. Studio ililiondoa jina la Georgia kwenye anwani ya filamu, lakini nadhani hakuna aliyedanganyika.

Paul Muni ndiye anayeigiza mtu huyo, aliyepewa jina la James Allen. Muni alikulia katika tamthilia za Kiyidi, na anajua kuigiza kwa mabega. Mwanzoni Allen amerudi kutoka vitani akitaka kuwa mhandisi, kujenga madaraja. Familia yake haimsikii. Kazi ya kiwandani imemngoja, arudi kwenye meza yake. Anaondoka, anazunguka majimbo, kazi hakuna. Siku moja anaingia duka la rehani kuweka nishani yake ya vita. Mwenye duka hasemi neno. Anamwonyesha sanduku la kioo lililojaa nishani kama ile. Watu waliokaa katika kumbi za sinema mwaka ule hawakuhitaji maelezo. Majira ya joto ya 1932 maelfu ya wastaafu wa vita walikuwa wamepiga kambi Washington wakidai malipo waliyoahidiwa, na mwezi Julai jeshi chini ya Jenerali Douglas MacArthur likawaondoa kwa mabomu ya machozi na kuchoma vibanda vyao. Mwaka uliofuata karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi.

LeRoy anaitumia sauti kwa ukali. Kifungo cha Allen tunakihisi kwa nyundo: majani ya kalenda yanadondoka, mwezi hata mwezi, na kila pigo la chuma juu ya jiwe linahesabu. Mfungwa lazima aombe ruhusa hata ya kujifuta jasho, na anayesahau kuomba hupigwa. Hebu fikiria hali hiyo, ya binadamu kupaza sauti kuomba aguse paji la uso wake mwenyewe na kungoja aitikiwe na mtu mwenye bunduki.

Halafu kuna Sebastian. Wafungwa Weusi katika filamu hii wanalala mahali pao na kufanya kazi mahali pao, kama sheria za Kusini zilivyotaka, na kamera inawaonyesha kwa sekunde chache tu. Sebastian, aliyeigizwa na Everett Brown, ndiye bingwa wa nyundo kambini. Allen anamsogelea kimya kimya na kumwomba apige pingu zake za miguuni, azipinde kiasi cha mguu kupenya bila kukata kiungo. Kila pigo linaweza kumvunja mfupa. Kila pigo linaweza kusikika na askari. Sebastian anakubali. Anapiga, Allen anauma meno, anapiga tena. Filamu nzima imejaa watu wenye vyeo walioombwa wakageuza shingo, na huyu, mtu asiye na lolote, asiye na uhakika wa kupata chochote isipokuwa adhabu, anaitika papo hapo kwa mikono yake. Baada ya hapo hatumwoni tena. Allen anakimbia, hadithi inakimbia naye, na Sebastian anabaki nyuma na nyundo yake. Naipenda sana filamu hii, na hapo ndipo nainung'unikia. Ilikuwa na ujasiri wa kulishtaki jimbo zima, lakini haikuwa na dakika mbili za kumrudia mtu aliyeifungulia njia. Wengi waliosagwa na mfumo ule walikuwa Weusi, na Hollywood ilihitaji uso wa Mzungu ili watazamaji wake wakubali kuuhurumia.

Katika sehemu ya pili, Allen amerudi kwa hiari yake, na kaka yake mchungaji anasimama mbele ya baraza kumwombea. Ofisa wa magereza anajibu kwa hoja ya kuchefua: mnaona jinsi Allen alivyofanikiwa Chicago? Hiyo ni kazi ya nidhamu ya gereza. Mateso yanadai sifa kwa mema ambayo mtu aliyafanya baada ya kuyakimbia. Siku 90 za ahadi zinageuka kuwa mwaka. Mwaka unapokwisha, uamuzi unaahirishwa bila tarehe. Muni hapigi kelele nyingi. Anaonekana kama mtu ambaye masikio yake yamekataa kupokea alichoambiwa.

Mwisho wake umesimuliwa sana, na unastahili. Allen ametoroka tena, na usiku anamfikia mwanamke aliyempenda kwenye njia ya giza. Amechakaa, macho yanazunguka kama ya mnyama anayewindwa. Amekuja kumuaga, hawezi kukaa. Anarudi kinyumenyume, giza linammeza uso, na mwanamke anamuuliza anaishije. Jibu linakuja kutoka gizani, tayari uso umekwisha kutoweka: anaiba. Filamu inaishia hapo. Filamu bubu isingeweza kufanya hivyo. Ingelazimika kumwonyesha, au kuandika neno lake kwenye kibao. Sauti ilifanya iwezekane mtu kutoweka kabisa na bado akatamka kosa ambalo nchi imemfundisha kulitenda. Hakuna mahakama inayokuja kurekebisha, hakuna gavana mwema. Watu walitoka ukumbini wakiwa na neno hilo masikioni, na safari hii wengine waliitika. Burns alipokamatwa New Jersey mwezi Desemba 1932, gavana A. Harry Moore alikataa kumrudisha Georgia. Mwaka 1945 adhabu yake ikapunguzwa hadi muda aliokwisha kuutumikia, na Georgia yenyewe, chini ya gavana Ellis Arnall.

Mwisho wa namna hiyo haukudumu. Studio zilikuwa na kanuni za maadili tangu 1930, zilizopuuzwa zaidi kuliko kufuatwa. Kuanzia Julai 1934 ofisi ya Joseph Breen, iliyosimamia kanuni hizo, ikapewa meno: filamu bila muhuri wake haikuingia katika majumba makubwa. Uovu sharti uadhibiwe, sheria iheshimiwe. Miongoni mwa makatazo yake lilikuwamo moja kuhusu mapenzi kati ya Weupe na Weusi, na ndilo lililoitesa Imitation of Life, iliyotoka Novemba 1934.

Iliongozwa na John M. Stahl, Universal, kutokana na riwaya ya Fannie Hurst. Bea, mjane Mzungu aliyeigizwa na Claudette Colbert, anaishi kwa kuuza sharubati ya miti. Delilah, mwanamke Mweusi, anafika mlangoni kwake kutafuta kazi, mtoto akiwa pamoja naye, na anakubali kufanya kazi kwa malazi na chakula tu. Chapati zake za maji zinamtajirisha Bea. Uso wa Delilah unawekwa kwenye kila boksi la unga, ukicheka. Anapewa asilimia 20 ya kampuni iliyojengwa juu ya mapishi yake, na anaambiwa sasa anaweza kuwa na nyumba yake; anashtuka, hataki kuondoka. Stahl anaonyesha bila kueleza: karamu inakwisha, Bea anapanda ngazi kwenda chumbani, Delilah anashuka ngazi kwenda vyumba vya chini. Picha moja, wanawake wawili, nyumba moja. Mshairi Sterling Brown aliishambulia filamu hii katika jarida la Opportunity mwaka 1935, akiona ndani yake Mweusi yuleyule mridhika ambaye Wazungu hawachoki kumtunga. Alikuwa na haki. Louise Beavers, aliyemwigiza Delilah, alizaliwa Cincinnati na kukulia California. Hata lahaja ile ya Kusini aliyotakiwa kuisema haikuwa yake.

Lakini kuna Peola, binti wa Delilah, na Peola anaipasua filamu kwa ndani. Ngozi yake ni nyeupe. Siku moja ya mvua mama anampelekea viatu vya mvua shuleni. Mwalimu anamwambia amekosea, darasani humu hakuna mtoto Mweusi. Mama anaangaza macho, anamwona mwanawe amejificha nyuma ya kitabu. Anamwita. Mtoto anayeitwa na mama yake mwenyewe hawezi kuitika bila kupoteza kila kitu mbele ya wenzake, na minong'ono inaanza kabla hajasimama. Miaka baadaye, msichana mzima, anafanya kazi ya keshia katika mkahawa wa Wazungu. Mama anamfuata hadi pale, na Peola anasema mbele ya watu kwamba hamjui mwanamke huyu.

Ofisi ya Breen ilihangaika na Peola kwa sababu mwili wake ulikuwa ushahidi wa kile ambacho kanuni ilikataza kutajwa. Filamu ikaeleza haraka kwamba baba yake alikuwa Mweusi mwenye ngozi nyeupe sana, ikapita. Delilah mwenyewe, akizungumza na Bea kuhusu mateso ya binti yake, anasema kosa si la mtoto, wala si la Bea, wala si lake yeye, na hajui lawama ziwekwe wapi. Kila mtu aliyekaa katika ukumbi uliotenga viti kwa rangi alijua ziwekwe wapi. Filamu ilimpa mwanamke huyu swali la kweli kuliko maswali yote ya Hollywood ya mwaka ule, ikamnyima jibu, ikamfanyia mazishi ya fahari.

Peola mtu mzima aliigizwa na Fredi Washington, mzaliwa wa Savannah, Georgia. Mwaka mmoja kabla, katika The Emperor Jones, alipakwa rangi ya kumfanya awe mweusi zaidi, ili watazamaji wasidhani Paul Robeson anamkumbatia Mzungu. Angeweza kufanya alichofanya Peola. Njia ilikuwa wazi kwake, na alikataa maisha yake yote, akisema waziwazi kwamba yeye ni Mweusi na hana sababu ya kujificha. Baadhi ya watu walimchanganya na Peola hata hivyo, wakamchukia kwa maneno aliyoandikiwa. Mtazame anapoyatamka. Hamwombi mtazamaji huruma, haupambi uchungu wake. Anadai maisha ambayo kila mtu ndani ya filamu ile anayapata bure. Nikiisikia sauti yake kavu, iliyonyooka, nasikia mtu anayebishana na mswada wake wenyewe.

Alipofariki mwaka 1994, Imitation of Life ilikuwa imekwisha kutengenezwa upya zamani. Mwaka 1959 Douglas Sirk alipoiongoza mara ya pili, nafasi ya binti ilichezwa na Susan Kohner, asiye Mweusi, naye akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 1935 tuzo ya nafasi za usaidizi ilikuwa bado haijaanzishwa, kwa hiyo Beavers na Washington hawakuwa hata na mlango wa kubisha. Filamu ya mwisho ya Washington ni One Mile from Heaven, ya 1937. Alikuwa na miaka 33. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha chama cha waigizaji Weusi, Negro Actors Guild, na katika miaka ya 1940 akawa mhariri wa kurasa za tamthilia wa gazeti la The People's Voice huko Harlem, ambako aliandika kwa jina lake mwenyewe kuhusu nafasi walizonyimwa wenzake.